Mizunguko Kumi kwa Funguo za Gari

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Siku ya arobaini na moja bila funguo. Gari langu lipo uani. Mimi nipo dirishani. Tunatazamana kama wachumba waliokatazwa na wazazi.

Niandike ukweli, maana humu ndani hakuna mwingine anayeuandika. Nimefundisha udereva miaka thelathini na minne. Nimetoa madereva wa mabasi, wa malori, na mmoja wa gari la wagonjwa. Sijawahi kugonga kitu kinachotembea. Nguzo ya kulia ya geti letu haitembei, lakini siku ile ilikuwa imesogea. Sasa imeinama kuelekea barabarani. Mbawa mbili za geti hazikutani tena, tunazifunga kwa kamba. Mke wangu aliikagua nguzo, akaikagua miwani yangu, akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Akampa mdogo wake!

Huyu mdogo wake, shemeji yangu, ni fundi wa majokofu. Anajiita Turbo. Hakuna mwingine anayemwita hivyo. Alikuja na mabegi mawili kukaa wiki mbili, hadi paa la nyumba yake litengenezwe. Huu ni mwezi wa tatu. Sasa yeye ndiye anayetuendesha. Mke wangu anakaa mbele. Mimi ninakaa nyuma na kapu la mboga. Jumamosi alipinda kona ya duka la dawa kwa namna ambayo nyanya iliingia mfukoni mwa shati langu. Nimeandika kosa hilo mahali pake.

Leo nimemkuta sebuleni. Amefunga usukani wa plastiki kwenye ukingo wa meza ya kulia, pedali ziko chini ya meza, na mbele yake, kwenye televisheni, kuna barabara. Akanikaribisha. Akasema huu si mchezo wa watoto, shemeji, hili ni gari kamili lililokosa petroli tu. Hata matairi yake huwa baridi asubuhi. Nikasema anipishe, nimwonyeshe gari ni nini.

Nikarekebisha kiti. Nikauliza kioo cha pembeni kiko wapi. Nikatazama nyuma kupitia bega la kulia: kabati la vyombo. Salama. Nikawasha indiketa. Kumbe ni waipa. Nikaachia klachi taratibu. Shemeji akasema madereva wenzangu wa mchezoni wameshamaliza mzunguko wa kwanza, na mmoja ameniulizia afya.

Nikaondoka. Loo! Usukani ukatetemeka mikononi kama kitu chenye roho. Nikasikia changarawe chini ya tairi. Siku arobaini na moja! Kisha kona ikaja kama mgeni asiyepiga hodi. Nikakanyaga breki kama ninavyokanyaga ya gari letu, ambayo hutaka miguu miwili na dua. Magurudumu yakaganda. Ukuta.

Shemeji alicheka hadi akaomba maji. Akamwita dada yake kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: dada, njoo uone, hata humu ndani kuna nguzo!

Nikasema nipewe siku tano tu, nitamshinda mizunguko kumi. Mke wangu akatoka jikoni na mikono yenye maji. Akasema vizuri. Jumamosi, saa kumi jioni. Nikishinda, funguo ni zangu. Nikishindwa, kiti cha nyuma hadi mwaka uishe, na nisisikike nikipumua.

Nimekubali. Ushindi wa kwanza: wamekubali masharti yangu. Yametamkwa na mke wangu, lakini niliyawaza mimi.


Jumanne, tarehe 3 Juni

Shemeji kazini. Mke wangu sokoni. Nikavaa viatu vyangu vya kazi, vile vyeusi vya kamba, na kuketi kwenye usukani saa tatu kamili asubuhi.

Ajali ishirini na sita. Nimezihesabu kwa unyoofu. Kumi na tisa ni kona ile ile ya kwanza. Mchezo huu hauna huruma hata chembe! Ukichelewa kukanyaga breki kwa muda wa kupepesa jicho, umekwisha. Ukikanyaga mapema, umekwisha polepole. Ukiongeza mafuta kabla usukani haujanyooka, gari linageuka kutazama lilikotoka, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakuna wa kumlaumu. Nilijaribu. Nimemlaumu aliyetengeneza barabara, nimelaumu matairi, nimelaumu jua la dirishani. Kisha nikaanza upya. Kila mara nilijiambia mara moja tu, halafu nitaondoka. Saa sita nilikuwa bado sijaondoka.

Na mara moja, mara moja tu, kona ilikaa. Gari liliinama, likanyooka, likatoka kama uzi unavyotoka tunduni mwa sindano. Nilipiga kelele. Hakukuwa na mtu wa kuniuliza kuna nini.

Nimegundua chanzo cha ajali zangu. Pedali zinateleza sakafuni! Nikikanyaga breki, breki inakimbia. Hila ikanijia papo hapo. Nikachukua nyundo na misumari minne, nikazipigilia pedali kwenye zulia la mke wangu. Zikatulia kama wanafunzi siku ya mtihani.

Saa nane mke wangu akarudi, akaona vumbi la nyundo, akalivuta zulia ili alikung'ute nje. Zulia likaenda. Pedali zikafuata zulia. Waya ukafuata pedali. Usukani ukafuata waya na kumpitia paka.

Amesema mengi. Nitaandika moja: kuanzia leo pedali hizo zitakaa kwenye saruji tupu, na nitakayemkuta na nyundo nitampigilia yeye.

Hata hivyo, kona moja ilikaa. Hakuna awezaye kuninyang'anya kona hiyo.


Jumatano, tarehe 4 Juni

Hila ya leo ni ya akili, haihitaji nyundo.

Ninaijua hofu ya dereva. Nimeketi kando yake miaka thelathini na minne. Hakuna dereva, awe hodari vipi, asiyetetemeka akiona mtu mwenye ubao wa karatasi na kalamu akitikisa kichwa. Nikautoa ubao wangu wa zamani sandukuni. Shemeji alipoketi kwenye usukani jioni, nikaweka kiti kushoto kwake. Nikaanza.

Nikasema mikono iko juu mno. Nikaandika. Nikasema unatazama pua ya gari, tazama mwisho wa kona. Nikaandika. Nikasema mguu wako unapiga breki kama unaua mende, ukandamize kama unamkanyaga mtu unayemheshimu. Nikaandika, nikaguna, nikatikisa kichwa mara tatu. Mara ya tatu nilikitikisa hadi miwani ikaanguka.

Hakutetemeka. Akashusha mikono. Akatazama mwisho wa kona. Akakandamiza. Akavunja rekodi yake kwa sekunde nne!

Akaniruka shingoni. Akasema shemeji, miaka miwili ninacheza, hakuna aliyewahi kuniambia hayo. Akauliza kama naweza kukaa hapo kila jioni. Akamwambia dada yake kwamba mume wake ni mwalimu haswa. Mke wangu akasema hilo analijua, tatizo ni nguzo.

Ni ushindi, ukiutazama vizuri. Nimethibitisha kwamba mafunzo yangu yanafanya kazi. Yamefanya kazi kwa mtu asiyestahili tu.


Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimegundua siri yake!

Asubuhi nilikuwa nikipekua kurasa za mipangilio ya mchezo, mahali anapopita haraka akidhani sioni. Kuna mstari wa uharibifu wa gari. Unaweza kuchagua hakuna, kidogo au kamili. Shemeji ameweka hakuna! Ndiyo maana anajisugua kwenye kuta kama nyati anayejikuna mtini na kuendelea na safari. Huyu ndiye anayeniita mimi mgonga nguzo.

Nikaweka kamili. Nikafunga ukurasa. Nikaenda kunywa chai kwa utulivu wa mtu aliyetenda haki. Jumamosi ataugusa ukuta mmoja, na gari lake litamwambia ukweli ambao familia imekataa kumwambia.

Baada ya chai nikajaribu mimi. Kona ya kwanza nikaugusa ukuta kidogo, kwa adabu. Gurudumu la mbele likachomoka. Likanipita. Nikalitazama likienda zake barabarani bila mimi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikarudi kwenye mipangilio ili niifute hila yangu. Sikuuona ule ukurasa. Nikafungua milango kumi na minne. Nikabadilisha rangi ya kofia ya dereva ikawa ya waridi. Nikasikiliza muziki ambao sikuuomba. Mstari wa uharibifu haukuonekana tena.

Habari njema: shemeji hayupo. Ameitwa kwenye bucha, jokofu kubwa limezima na nyama inasubiri. Atakuwa huko hadi kesho jioni. Hatajua.

Habari nyingine: kwa sasa mimi pia siwezi kugusa chochote. Imebaki siku moja. Mke wangu amepita na kuniuliza mbona nimekaa kama niliyefiwa. Nikasema ninatafakari mkakati. Akasema kiti cha nyuma amekifuta vumbi.


Ijumaa, tarehe 6 Juni

Niiandike siku hii kwa herufi safi. Leo nimeelewa.

Kwa kuwa sasa ukuta unaua, niliamua kwenda taratibu, mguu juu ya breki, macho wazi. Na kwa mara ya kwanza nikatazama kandokando ya barabara. Vibao! Kabla ya kila kona kali kuna vibao vimesimama majanini, vizuri, kwa mpangilio: 200, halafu 150, halafu 100, halafu 50.

Nilisimamisha gari katikati ya barabara. Machozi yalinilenga. Kumbe barabara hii ina sheria! Wiki nzima nimeendesha kama mhuni ilhali mamlaka yake imetuwekea mwendo wazi kabisa. Na shemeji, miaka miwili, anavipita vibao hivyo kama havipo! Hata siku moja hakuvitaja. Dereva asiyesoma alama.

Nikaanza upya. Kwenye mnyooko, mafuta yote. Kibao cha 200: mwendo mia mbili. Cha 150: mia na hamsini. Mia. Hamsini. Kisha kona. Ikakaa! Kona ya pili ikakaa. Ya tatu ikakaa. Kibao cha 150 kilipotokea nilikuwa bado kwenye mia na sitini, nikajikemea kwa sauti.

Mizunguko kumi bila kugusa hata jani. Usukani ulikuwa ukinong'ona mikononi mwangu. Nilipomaliza nilizima injini, nikavuta breki ya mkono, ambayo haipo, nikateremka.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Sijui tangu lini. Nikamwuliza ameonaje. Akasema ameona mtu mzima akiomba radhi kwa televisheni. Lakini hakucheka. Akaongeza kwamba zamani, nilipokuwa nikimfundisha yeye, nilikuwa nikikunja midomo hivyo hivyo.

Shemeji amerudi amechoka, ananuka bucha. Amelala bila kugusa usukani. Kila kitu kinakwenda kama nilivyopanga, ingawa sikupanga.


Jumamosi, tarehe 7 Juni

Saa kumi kamili. Mshonaji wa jirani alialikwa kuwa mwamuzi, kwa kuwa hana upande na ana macho. Alikuja na suruali ya mteja ili asipoteze muda, futi ya kupimia shingoni, na pini kumi. Kila mzunguko ukiisha atachomeka pini moja kwenye kifuko chake. Atakayemaliza mizunguko kumi kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Usukani ni mmoja, kwa hiyo tutaendesha kwa zamu.

Shemeji akaanza. Alipoona kofia ya waridi akauliza nani ameichezea. Nikatazama dari. Akaondoka.

Niwe mkweli: kijana anajua. Alikuwa ameshusha mikono, akitazama mwisho wa kona, akikandamiza breki kwa heshima. Mafunzo yangu yote! Moyo wangu ulivimba na kuuma kwa pamoja. Pini ya tatu, ya tano, ya saba. Kwa mwendo ule ningehitaji kuanza safari tangu Alhamisi ndipo nimpate.

Mzunguko wa nane. Akatia mkono mmoja mfukoni, akazigonganisha funguo zangu, akageuza kichwa. Akasema dada, hizi nikurudishie au nizizoee moja kwa moja? Akajikuna kwenye ukuta kama kawaida yake.

Gurudumu lake likampita.

Gari likaburuza tumbo hadi majanini, likafa. Shemeji akasema mashine inaumwa. Akafungua mipangilio, akaupata ule ukurasa kwa kidole kimoja, jambo lililoniudhi. Akaona neno kamili. Watu watatu wakanitazama. Na paka.

Nikasema dereva wa kweli haogopi ukweli. Shemeji akaruka: huo ni wizi, shemeji, mchana kweupe! Mke wangu akainua mwiko. Akamwuliza mdogo wake swali moja: gari la kweli likigonga ukuta, huharibika au haliharibiki? Shemeji akasema huharibika, lakini. Mke wangu akasema lakini hapana. Mbona nguzo yangu iliharibika, hakuna aliyeniletea ukurasa wa kubadilisha. Sasa aendeshe na huyu.

Mshonaji akakata uzi kwa meno, akatangaza: pini saba, hakumaliza.

Nilichohitaji ni kumaliza tu. Nikaketi. Kiti. Bega la kulia. Kabati la vyombo. Waipa.

Mia mbili, mia na hamsini, mia, hamsini, kona. Pini. Shemeji akasema hata msiba huenda haraka kuliko huyu. Pini. Akasema tumletee mto. Pini ya nne. Mshonaji alimaliza mguu mmoja wa suruali, akaanza wa pili. Pini ya saba. Sikumwangalia mtu. Nilikuwa na barabara yangu, na barabara ilikuwa nami.

Mzunguko wa tisa pedali zikaanza kuondoka. Mke wangu alikuwa ameipiga sakafu nta asubuhi kwa heshima ya mgeni! Kila nilipokanyaga breki, breki ilisogea kwa shibiri moja. Nikasogea nayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Kona ya mwisho ya mzunguko wa kumi niliipinda nikiwa nimelala, mgongo ukingoni mwa kiti, kidevu kwenye ukingo wa meza, usukani juu yangu kama jua, viatu vyangu vyeusi vikitokea upande wa pili wa meza. Shemeji akapiga kelele akiuliza naona nini huko. Nilikuwa naona kibao. Hamsini! Nikaenda hamsini.

Mstari. Pini ya kumi.

Mshonaji alipiga vigelegele, suruali mkononi. Mke wangu alizichukua funguo kutoka kwa mdogo wake, akainama chini ya meza na kuniwekea kifuani, kwa kuwa bado sikuweza kuinuka. Akasema haya, baba watoto, umeshinda. Akanitoa utando wa buibui sikioni. Siku arobaini na sita! Nilizibana funguo mkononi hadi zikaacha alama.

Shemeji hakuondoka kwa adabu. Aliuliza kwa nini natambaa vile kila penye kona. Nikamweleza vibao, kwa upole wa mshindi. Akashika kichwa. Akasema shemeji, ile ni mita! Mita zilizobaki hadi kona!

Mita! Nikamwuliza ni mamlaka gani duniani inayosimamisha vibao vinne ili kumwambia dereva kitu anachokiona mwenyewe kwa macho. Alikaa chini. Asiyekubali kushindwa si mshindani.


Jumapili, tarehe 8 Juni

Nimeamka bingwa.

Kabla ya chai nilifungua stoo na kutoa vibao vyangu vya zamani vya chuo cha udereva. Nikavisimamisha uani, kutoka mlangoni hadi getini, kama inavyofanyika kwenye barabara za maana: 30, kisha 20, kisha 10. Cha 10 nikakifunga kwenye nguzo ya kulia, ili nguzo hiyo isinisogelee tena. Shemeji alisimama barazani na kikombe. Akasema uani kwetu hakufiki hata hatua thelathini, gari litafikaje mwendo thelathini? Wivu.

Mke wangu akaketi mbele. Shemeji akaketi nyuma na kapu. Nilirekebisha kiti polepole, ili wote waone. Kioo. Bega la kulia. Indiketa, na safari hii ilikuwa indiketa. Gari likanguruma. Nikakanyaga.

Thelathini kamili kwenye kibao cha thelathini! Ishirini kamili kwenye ishirini. Nikayakaza macho kwenye kipima mwendo, nisizidishe wala nisipunguze hata nukta. Kumi! Kumi kamili! Sindano ilisimama juu ya kumi kama imechorwa. Nilitaka kumwonyesha mke wangu.

Ndipo tukagusa nguzo ya kushoto.

Niseme wazi: nguzo ya kushoto haikuwa na kibao. Nitakifunga kesho.

Nyanya tatu zilitoka kwenye kapu na kupita mbele. Nyuma hakuna aliyepumua. Tukashuka. Nguzo ya kushoto imeinama kuelekea barabarani, sawasawa kabisa na mwenzake. Mshonaji alitoka kwake, akapima zote mbili kwa futi yake, akasema tofauti haipati hata upana wa kidole. Nikazivuta mbawa za geti, kwa kujaribu tu.

Zikakutana. Komeo likaingia mahali pake kwa mlio mmoja mtamu. Siku arobaini na saba tumefunga geti kwa kamba, fundi amekuja mara mbili na kushindwa, na mimi nimelitengeneza kwa mwendo wa kumi!

Niliwageukia. Mke wangu alikuwa amenyoosha mkono.

Nimempa funguo azishike. Bingwa hatembei na funguo mfukoni, zinaharibu suruali.